Kijana wa Buha Anapoulizwa Kwao ni Wapi

Kila mwaka mitihani ya kidato cha sita inapomalizika, majina ya vijana wanaotakiwa kuripoti katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa hutangazwa, na katika vigango vyetu vya Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe huanza pilikapilika. Mzazi hutafuta bukta ya bluu iliyokoza, fulana ya kijani, raba, shuka mbili na soksi ndefu nyeusi. Hutafuta pia nauli ya kwenda na ya kurudi, maana tangazo huitaja. Aliye na mbuzi humtoa mbuzi. Aliye na maharage ghalani huyapeleka sokoni kabla bei haijapanda. Tungependa wakubwa wanaoandika orodha hizo wakumbuke kwamba ziko nyumba ambamo orodha hiyo fupi ni mapato ya msimu mzima. Lakini si hilo tulilokusudia kulisema leo.

Tulilokusudia limetujia kutoka kwa binti mmoja wa milima hii, mhitimu wa kidato cha sita, aliyekwenda kambini kwa mujibu wa sheria na kurudi salama, amenyooka mgongo, anajua kulenga shabaha na kupalilia mahindi kwa mstari. Jina lake hatulitaji. Kambi nayo hatuitaji, kwa kuwa jambo lenyewe si la kambi moja, na wala hatutaki kumwonea mkuu wa kambi ambaye huenda hakuwa na habari. Tumemsikiliza kwa saa kadhaa akiwa na wazazi wake, na tumezungumza na wenzake wengine waliopita njia hiyohiyo kwa miaka tofauti. Maneno yao yalifanana mno kuweza kupuuzwa.

Kwanza tuseme mema, maana ni mengi. Binti huyu aliamshwa saa kumi alfajiri pamoja na mtoto wa mfanyabiashara wa mjini ambaye hakuwa amewahi kushika jembe. Wote walinyolewa nywele. Wote walikula ugali na maharage kwa mpangilio mmoja, wakakimbia mchakamchaka pamoja, wakafanya fatiki shambani, wakalala katika hanga moja na kukesha lindo moja. Anasema kuwa katika juma la tatu hakukuwa na mtu aliyeweza kutambua nani kasoma shule ya ada kubwa na nani katoka shule ya kata. Huko shule zetu hazikufikishi, na tusidanganyane kwamba hata makanisani mwetu tumefika, maana mabenchi ya mbele yana wenyewe.

Hivi ndivyo Jeshi la Kujenga Taifa lilivyokusudiwa tangu lilipoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, chini ya miaka miwili baada ya uhuru. Taifa lilikuwa changa, makabila zaidi ya mia moja, wasomi wachache wa kuhesabika. Waasisi walitaka kijana wa Kilimanjaro achimbe mtaro na kijana wa Newala, ili wakirudi makwao kila mmoja awe na rafiki wa mbali wa kumkumbuka. Wazee wetu waliopita huko katika miaka ya 1970 na 1980 bado wanaitana kwa majina ya operesheni zao. Na ukiwakuta kwenye msiba, wawili waliokuwa kombania moja watasahau kwa dakika kumi kwamba wamekuja kuzika.

Wala haikuwa safari laini. Mwaka 1966, Serikali ilipoamua kuwa wahitimu wa vyuo walitumikie Taifa miaka miwili, miezi ya mwanzo kambini na iliyobaki kazini kwa sehemu tu ya mshahara, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana tarehe 22 Oktoba. Bango mojawapo lilidai kuwa wakati wa mkoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere alighadhibika, akawafukuza karibu 400, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa vijana hao walirudishwa mwaka uliofuata. Watu wa rika letu tulilelewa kuisimulia habari hiyo kama kisa cha vijana wachoyo na baba mwenye haki. Leo tunaiona kuwa na pande mbili. Vijana walikosea kudhani kwamba elimu iliyolipiwa na mkulima ni mali yao binafsi. Hata hivyo, mtu aliyelazimishwa kutumikia anayo haki ya kuuliza atatumikishwaje, na swali hilo halikupewa nafasi yake.

Mpango wa lazima ulisitishwa mwaka 1994 kwa uhaba wa fedha, ukarejeshwa mwezi Machi 2013. Kizazi kimoja kizima kikapita bila kambi. Walimu, waganga na makatibu kata wengi wa leo ni wa kizazi hicho. Hatuwalaumu, lakini twaona tofauti pale mtumishi anapopangiwa Kibondo akalia kana kwamba amehukumiwa.

Sasa tuje kwenye kidonda.

Siku ya pili kambini, kuruta walisimama kwa mistari na kila mmoja akatakiwa kutaja jina na mahali alikotoka. Binti wetu akataja jina lake, ambalo ni jina la Kiha alilopewa na bibi yake, akataja Kasulu. Mwalimu wa zamu akacheka. Akamwuliza alivuka mpaka lini. Wenzake wakacheka pia, kama wachekavyo watu wenye hofu kwa mtu mwenye fimbo. Tangu siku hiyo mpaka siku ya kufunga mafunzo hakuitwa tena kwa jina lake, aliitwa Mrundi. “Mrundi, chota maji.” “Mrundi, lindo la saa nane.” Anasema kazi hazikumwumiza, kwa kuwa nyumbani alikwisha zoea kazi ngumu kuliko hizo. Kilichomwumiza ni kwamba baada ya mwezi mmoja aliacha kuzungumza Kiha na mama yake kwenye simu. Mama alimsalimu kwa Kiha, mtoto akajibu kwa Kiswahili. Mama akadhani mwanawe amejiona msomi.

Aliyesimama upande wake alikuwa msichana wa Kimakonde kutoka Mtwara. Usiku mmoja kwenye lindo alimwambia kwamba wao pia huulizwa kama wametoka Msumbiji, na kwamba babu yake amekwisha lijibu swali hilo mara nyingi kuliko alivyosali. Wasichana hao wawili wa mipaka miwili wameendelea kupigiana simu mpaka leo. Tunaona kwamba hapo JKT ilifanya kazi yake barabara, ingawa si kwa njia ambayo mwalimu wa zamu alikuwa ameipanga.

Atakuja mtu aseme: hayo ni mizaha ya kijeshi; kila kuruta hupewa jina la utani, mnene huitwa mnene na mfupi mfupi; mtoto wenu amekosa ukakamavu. Tunaijua hoja hiyo. Sisi wenyewe tulipita seminari, na seminari nazo zilikuwa na majina yake ya utani. Lakini mfupi akitoka kambini anakwenda zake, hakuna ofisi itakayomwuliza kwa nini ni mfupi. Kijana wa Kasulu akitoka kambini, jina lile linamtangulia kwenye dirisha la vitambulisho. Linamsubiri kwenye kizuizi cha barabarani, ambako basi husimamishwa na abiria kutakiwa kujieleza. Linamsubiri kwenye usaili wa kazi. Mzaha wa kambini na swali la ofisini vimekuwa sauti moja, na kijana hawezi tena kutofautisha wapi panachekwa na wapi panahukumiwa.

Tukumbushane historia kidogo, maana wengi wanaotuuliza hawaijui. Mpaka unaotenga Buha na Burundi si wa enzi za mababu. Wakati wa Wajerumani nchi zote hizi, Urundi na Ruanda zikiwamo, zilikuwa chini ya koloni moja. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji waliingia mwaka 1916 wakaishika Kigoma na nyanda zake za juu, na Buha ilikaa chini yao hadi 1921, ilipokabidhiwa kwa Waingereza na kuwa sehemu ya Tanganyika. Watu hawakuhama, mstari ndio uliohama. Ndiyo sababu Kiha na Kirundi husikilizana, na ndiyo sababu majina ya babu zetu hufanana. Atakayemhukumu mtu uraia kwa lafudhi katika nchi hii hana budi kwanza kuwahukumu mabwana waliochora ramani Ulaya.

Na baada ya kuchorwa ramani, Waha waliitumikia Tanganyika vya kutosha. Uliza mzee yeyote habari za manamba. Wilaya zetu zilifanywa shamba la kuvunia nguvu za watu: vijana walipakiwa kwenye treni Kigoma wakapelekwa kukata mkonge Tanga na Morogoro, na kuanzia miaka ya 1940 wakala wa wenye mashamba, ulioitwa SILABU, ndio ulioshughulikia kuwachukua. Wengine walirudi na baiskeli na blanketi. Wengine hawakurudi. Mkonge ule uliitwa dhahabu ya Tanganyika, na reli, bandari na shule nyingi za nchi hii ziliendeshwa kwa fedha yake. Siku hizo hakuna aliyemwuliza Mha alivuka mpaka lini.

Kisha wakaja wakimbizi, na hapa yatupasa kusema kwa uangalifu. Walikuja mwaka 1972, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walikuja kwa maelfu mengi baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwezi Oktoba 1993. Wakongo wakafika Nyarugusu mwaka 1996. Mwaka 2015 Warundi wakakimbia tena. Nyarugusu ikafurika, na kambi ya Nduta iliyokuwa imefungwa ikafunguliwa upya. Wilaya zetu ziliwapokea. Ziligawana kuni, visima na vitanda vya hospitali, na msitu ukapungua. Zipo pia familia zilizopata majeraha ya ujambazi katika miaka ile, nasi hatuwezi kuwaambia kwamba machungu yao si kweli. Lakini matunda ya ukarimu huo yamekuwa ya ajabu. Mkoa uliofungua mlango sasa unashukiwa kuwa wote ni mgeni. Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyokusudiwa kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali katika Kigoma, Kagera na Geita, iliacha nyuma yake manung'uniko ya raia waliotakiwa kuthibitisha kuzaliwa kwao mbele ya watu waliofika juzi. Na hata waliokuwa wakimbizi wa 1972, ambao Serikali iliwapa uraia, karibu 162,000 kwa hesabu, ni raia kamili kwa sheria. Kumwita mmoja wao Mrundi kwenye paredi ni kuidharau sahihi ya Serikali yenyewe.

Mtabila, wilayani Kasulu, ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Baadaye ikawa kambi ya JKT. Kanembwa nalo ni jina lililobebwa na wakimbizi na likabebwa na vijana wa jeshi hilo. Hatuoni ubaya wowote hapo. Ni vyema ardhi iliyolala wenye hofu ikalimwa na wenye nguvu. Tungetamani tu kwamba kila kuruta anayefika katika kambi zetu za Magharibi apewe saa moja, katika yale masomo ya uraia na uzalendo, asikie ni nani waliokuwa wakiishi hapa, kwa nini walikimbia, na wenyeji walifanya nini. Saa moja haitoshi kumfanya mtu mwanahistoria. Yaweza kutosha kumfunga mdomo.

Tuwageukie pia vijana wa kujitolea, ambao hali yao ni nyingine. Wa mujibu wa sheria hukaa kambini kwa miezi michache, wakaenda vyuoni. Wa kujitolea huingia kwa mkataba wa miaka miwili, wengi wakiwa watoto wa maskini, na wote wakiwa na tumaini moja mioyoni: kuandikishwa jeshini, polisi au magereza. Sheria haiwaahidi hivyo, na matangazo husema wazi kwamba kujiunga si ahadi ya ajira. Lakini tumaini la maskini halisomi maandishi madogo. Mwaka 2021 nchi iliona jambo la kusikitisha: vijana waliokuwa wamefanya kazi kubwa za Taifa, ukiwamo ukuta wa Mererani wenye urefu wa kilomita zipatazo 24, walidai ajira waliyoamini kuwa wameahidiwa, na 854 kati yao wakaondolewa kambini kwa kosa la kugoma. Baadaye walisamehewa. Nidhamu ya jeshi tunaielewa, wala hatuiombei mgomo. Tunasema tu kwamba mtu asipewe tumaini na mkubwa mdomoni, kisha akanyimwa na karatasi ya katibu.

Huku kwetu kijana wa kujitolea anaporudi bila ajira hukutana na dhihaka. “Afande umerudi?” Tumeisikia hata uwanjani mwa kanisa, baada ya Misa. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, tunawaomba mlikemee jambo hili waziwazi. Kijana huyo ameijengea nchi kwa miaka miwili. Anajua useremala au ufugaji wa kuku au udereva wa trekta, na kijiji kinamwita kwa kejeli badala ya kumpa eka ya kulima. Ziko ardhi za parokia zinazokaa bure. Tumeanza kulizungumza jambo hilo katika halmashauri za walei, na mahali pengine mazungumzo yamechukua muda mrefu kuliko mafunzo yenyewe ya kijeshi.

Kwa wakuu wa kambi tunaomba mambo machache, nasi tunaomba kwa heshima. Kuruta aitwe kwa jina lililo kwenye orodha. Swali la uraia liulizwe na ofisi yenye mamlaka hayo, kwa faragha na kwa karatasi, si mbele ya kombania. Mabinti wawe na mwanamke mwenye cheo ambaye wanaweza kumwendea usiku au mchana bila kupita kwa mwalimu wao wa zamu; mengine tuliyoyasikia hatuyaandiki hapa, ila tumeyapeleka panapostahili. Na mapadre na wachungaji wanaokwenda kusali na vijana siku ya Jumapili waruhusiwe kukaa nusu saa baada ya ibada wakiwasikiliza, wala wasisindikizwe upesi hadi getini kana kwamba wameleta magendo.

Sisi nasi tunayo kazi yetu, na hii haihitaji kibali cha mtu. Katika nyumba nyingi za milima hii mtoto hana cheti cha kuzaliwa mpaka siku kinapotakiwa. Alizaliwa nyumbani, au alizaliwa zahanati na karatasi ikaliwa na mchwa. Jina la shuleni ni moja, la ubatizo ni jingine, la kitambulisho cha baba limeandikwa na karani aliyesikia vibaya. Tofauti hizo ndogo ndizo zinazompa mwenye shaka mahali pa kushika. Msajili wa vizazi hukipokea cheti cha ubatizo miongoni mwa vielelezo vya kuandikisha kuzaliwa kulikochelewa. Kwa hiyo madaftari ya ubatizo ya parokia zetu, hata yale ya zamani yaliyoandikwa na wamisionari kwa mkono wa kalamu ya wino, ni mashahidi wa watu hawa. Katika kurasa zake mna jina la babu, jina la bibi, jina la mlima walikotoka na jina la msimamizi. Tumeyaona mengine yakiwa yamewekwa chini ya masanduku ya mishumaa, panya wakiyapitia.

Tunawaagiza makatekista na makatibu wa parokia wayatoe huko, wayakaushe, wayafunike vizuri, na wanakili kwa utaratibu majina ya familia zenye vijana wa sekondari. Mzazi atakayefika kuomba cheti cha ubatizo cha mtoto kwa ajili ya usajili asitozwe chochote, na asiulizwe kwanza kama amelipa zaka ya mwaka. Wasio Wakatoliki wanaotaka msaada wa kuandika barua kwa msajili wasaidiwe vilevile. Majirani zetu Waanglikana, Wapentekoste na Waislamu wana watoto katika mistari ileile. Kazi ianze na walio kidato cha tano sasa, ili ifikapo Mei mwakani kila mmoja wao awe na karatasi zake mkononi, majina yakilingana herufi kwa herufi.

Binti tuliyemsikiliza amekwisha pata chuo. Cheti chake cha kuzaliwa kilitoka baada ya safari tatu za wilayani. Tulipoagana naye mlangoni alimwaga mama yake kwa Kiha, kwa sauti ya kusikika barabarani.